Kilimanjaro bila kutetemeka: sufu ya merino inavaliwaje, na unaipataje mtumbani kwa bei ya chipsi kuku

Kila ikikaribia Desemba simu yangu haipoi. Watu wa Dar, watu wa Dodoma, hadi binamu zangu wa Mwanza, wote wanataka wapande Kilimanjaro tarehe 9 wapige picha kileleni na bendera, na swali la kwanza ni lile lile, "kaka, hivi ntafika kweli?" Utafika, mbona wanafika wengi tu. Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni avae nini ndani, yaani ile nguo inayogusana na ngozi kabisa. Matokeo yake wakishuka kwenye gari pale getini nakuta mtu ana jinzi, tisheti ya pamba waliyochapisha kikundi kizima, hudi ya pamba, alafu mkononi kashika jaketi kubwa la kukodi analiangalia kama mkombozi. Jaketi wala halina neno. Tisheti ndo itakayomliza.

Mi huu mlima nimeuanza nikiwa mgumu, ndo wapagazi wa huku tunavyoitwa, nimebeba miaka kadhaa, sasa hivi ni gaidi, yaani muongozaji, msiogope hilo jina huku ni lugha ya kazi. Kwahiyo nitakayoandika hapa ni ya kuona watu wakitetemeka, na mimi mwenyewe kutetemeka sana tu.

Kuna siku tulitoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita kasoro usiku, kikundi cha watu saba, wote wabongo. Kaka mmoja mtu wa ofisini, mwili mkubwa, alivaa kila alichonacho kuanzia kambini: tisheti, hudi, sweta, jaketi la manyoya ya bata, juu yake koti la mvua. Nikamwambia kaka toa hata moja utalowa jasho, akanijibu bora jasho kuliko baridi. Saa nzima ya kwanza anapanda vizuri, anatania watu, akafika hadi pa kufungua zipu. Tulivosimama kunywa chai kama mita 5,200 hivi upepo ukaja, na dakika tano nyingi meno yakaanza kugongana, maneno yanatoka yamekatika katika. Nikapitisha mkono mgongoni chini ya yale majaketi. Tisheti ilikuwa imelowa chapa chapa, ya baridi, kama tambara la kudekia lililolala kwenye ndoo usiku kucha. Majaketi yote yale ya kukodi kwa hela yalikuwa yanatunza ubaridi wa tisheti moja. Tukamzunguka kumkinga upepo, tukamvua juu kote, nikatoa kwenye begi sweta yangu ya akiba, nyeusi, nyembamba ile ya kukunja ikaingia mfukoni. Akaiangalia akaniangalia mimi, "hii?" Nikamwambia vaa kwanza maswali baadae. Tukamrudishia jaketi, chai ya tangawizi vikombe viwili, baada ya nusu saa akaanza tena kutania watu. Alifika.

Hiyo sweta ndo merino.

Kwanini tisheti ya pamba inakuangusha

Hesabu ni hii. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama digrii 6. Moshi mjini ni mita 800 na kitu, kilele cha Uhuru ni mita 5,895, hapo katikati kuna kama mita 5,000, sawa na digrii 30. Kwahiyo usiku ambao watu wa Moshi wamelala na shuka moja kwenye digrii 20, kule juu ni 10 chini ya sifuri, na upepo sijauhesabu. Baridi hiyo mwili mkavu unaivumilia, watu wanapita nayo kila siku mwaka mzima. Mwili uliolowa ndo hauwezi, na hakuna binadamu anayepanda mlima bila kutoka jasho hata kama unaenda pole pole kama kinyonga.

Pamba inakunywa maji alafu inayang'ang'ania, nyuzi zinalala zinagandana na ngozi, ile hewa iliyokuwa imekaa katikati ya nyuzi inatoka, na hewa ndo blanketi lenyewe. Ukiwa Kariakoo saa saba mchana hiyo ni raha, ndo maana tunaipenda pamba, inakupoza. Huku hutaki kupozwa.

Sufu inafanya kazi nyingine kabisa. Ule unywele wa kondoo unameza mvuke wa jasho ndani kwa ndani, unaweza kumeza hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla wewe hujasikia kwamba umelowa. Yaani sweta ya gramu 200 inakufichia kama gramu 60 za jasho lako na bado unajiona mkavu. Pia unywele wenyewe umejikunja kunja kama chemchemi, ukilowa haulali moja kwa moja, kwahiyo hewa inabaki humo na joto linabaki nayo. Alafu kuna jambo nilitaka kulisahau, wakati inameza ule mvuke inatoa joto kidogo, sio la kupikia ugali ila unalisikia.

Na harufu. Siku sita hamna kuoga, kuna kimaji cha moto cha kunawa uso kwenye beseni basi. Tisheti za plastiki, zile za mazoezi, siku ya pili zinanuka hadi mwenye nayo anaomba radhi hemani. Merino unavaa siku nne tano na jirani yako hajahama.

Ila sitaki nionekane nimelipwa na kondoo. Zile nguo za polista zinakauka haraka kuliko sufu, huo ndo ukweli, na ni ngumu hazichaniki hovyo, na ni rahisi. Kama mfuko umekaza na merino hujaipata, vaa jezi ya mpira ndani, ya Simba ya Yanga huku juu hatubagui, ni polista na itakufaa mara kumi kuliko tisheti ya pamba. Nshapandisha watu na jezi wakafika wakanuka wakashuka salama.

Merino ni kitu gani

Ni aina ya kondoo. Walipata jina Uhispania, na zamani kule ukimtoa nje kondoo wa merino bila ruhusa ya mfalme ilikuwa kosa la kuuawa, ndo ujue thamani yake. Baadae wakasambaa, mwaka 1797 wakafika Australia, na leo Australia ndo baba lao, wakifuatiwa na kina New Zealand na Afrika Kusini. Kondoo wetu mwekundu wa Kimasai hana sufu, ana vinyweleo vifupi kama mbuzi, kwahiyo usimsumbue mtu kule Monduli.

Kinachoitofautisha merino na sweta ya bibi inayowasha ni unene wa unywele. Unapimwa kwa maikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, nguo nzuri za ndani ni kama 17 hadi 19 hivi, wakati unywele wa mtu unaweza kufika 70. Unywele mnene ukigusa ngozi unachoma kama ufagio wa chelewa, mwembamba unapinda tu hausikii kitu. Kwahiyo ukisema "mi sufu inaniwasha" inawezekana hujawahi kuvaa iliyo nyembamba.

Mpya, za kampuni za vifaa vya mlimani, juu peke yake ni dola 80, 100 na kuendelea. Mtu wa kawaida hapo ndo anafunga ukurasa. Usifunge.

Mtumbani

Hapa ndo utamu ulipo na hapa ntakaa kidogo. Moshi tuna soko la Memorial, kila mgumu analijua, nusu ya nguo zinazopanda mlima zimetokea pale. Ila popote penye mtumba hii kazi inafanyika, Karume Dar au Gikomba Nairobi, sufu ya Ulaya inaingia kote.

Kosa la kwanza la watu ni kutafuta majina. Wauzaji wa vifaa vya mlima wanayajua kuliko wewe, akiona Icebreaker au Smartwool anaipanga juu na bei inapanda nayo. Achana nazo. Wewe tafuta sweta za ofisini. Wanaume wa Ulaya wana zile sweta nyembamba za shingo ya V wanavaa juu ya shati na tai, na nyingi lebo yake imeandikwa "extra fine merino". Huku nani anazitaka? Kijana anaona za kizee, mtu wa Dar anaona joto, zinalala chini ya rundo hadi belo linaisha. Mara ya mwisho nilivoenda nikamuuliza mama mmoja, "Mama shikamoo, hizi nyembamba unauzaje?" Akaitikia marahaba akacheka, "Hizo za mabwana harusi? Chukua elfu tatu tatu baba, hazina watu." Nikachukua nne. Shingo ya V sio nzuri sana kwa baridi kwakweli, ila unaziba na kitambaa cha shingoni kile cha kuvuta hadi puani, mambo yanaisha.

Sasa lebo, soma ile ndogo ya pembeni kwenye mshono wa ubavu, maana ya shingoni ni ya mapambo. Na nyingi hazijaandikwa kwa lugha unayoijua. Mtumba wa Ujerumani utakuta "Wolle" au "Schurwolle", hiyo ni sufu, chukua. Ila ukikuta "Baumwolle" usikimbilie, hiyo ni PAMBA, mimi hiyo imeshanila hela nikiwa bado mjinga, nimeona wolle nikalipa fasta nikaondoka nachekelea. Wa Sweden na Norway hivyo hivyo, "ull" ni sufu alafu "bomull" ni pamba, ull imejificha ndani yake kama mwizi. Kifaransa ni "laine", Kiitaliano na Kihispania "lana", Kiholanzi "wol". Na kama kuna alama moja ya nyuzi nyeusi zimezungushwa kama kibonge cha uzi, hiyo ni Woolmark, ipo tangu 1964, ni dalili nzuri.

Angalia na asilimia. Sufu mia kwa mia safi kabisa. Sufu 80 nailoni 20 nayo nzuri, nailoni inaifanya isichanike haraka, soksi nyingi ndo ziko hivo. Sufu 30 akriliki 70 hiyo ni akriliki iliyopita karibu na kondoo, rudisha kwenye rundo.

Lebo imekatwa? Kuna njia za mikono. Iweke shingoni chini ya kidevu usugue taratibu, pale ndo ngozi haidanganyi, ikiwasha pale itawasha siku sita. Ivute upana kidogo uiachie, sufu nzima inarudi yenyewe. Ikiwa imekakamaa haivutiki na imekuwa nene kama blanketi la jeshi, mzungu alishaifua kwenye mashine kwa maji ya moto kabla ya kuitoa, ilishaganda hiyo. Nyanyua juu kwenye mwanga uangalie vitobo vya nondo, wale wadudu wanaokula nguo, hasa kwapani na tumboni, kitobo kimoja unashona, vikiwa kama chujio achana nayo.

Na ya uhakika kuliko zote ni moto. Chomoa kauzi kadogo kwenye mshono wa ndani (baada ya kununua, usije ukamchomea mama wa watu biashara mezani) ukiwashie kiberiti. Sufu inaungua kwa shida, ukiondoa moto inazima yenyewe, inabaki jivu jeusi linalosagika kwa vidole, na harufu yake unaijua vizuri sana, ni ile ile ya kubabua kichwa cha mbuzi. Ikiyeyuka ikadondoka ikawa kidonge kigumu cheusi, umenunua plastiki. Ikiwaka kama karatasi na kunuka karatasi, pamba.

Ukifika nayo nyumbani usiichanganye na nguo zingine kabla hujailaza kwenye friza siku tatu ndani ya mfuko. Nondo wanasafiri na mtumba, yai lao hulioni.

Lengo lako: mbili nyembamba za juu, moja nene kidogo, na taitsi ya sufu. Taitsi ndo ngumu kupata, wanaume wanaona aibu kuuliza, nenda upande wa nguo za kina mama uulize tu taitsi za baridi, hakuna anayekucheka na akicheka acheke, yeye haendi Gilman's Point kule juu ukingoni mwa kreta. Boshori la sufu yanajaa, ni buku buku. Mambo makubwa ya nje kama jaketi la bata, koti la mvua, begi la kulalia, buti, hayo yote unakodi Moshi. Vya nje kodi, vya ndani nunua, maana hata mimi taitsi ya kukodi siwezi.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza ni msituni, iwe Machame iwe Marangu, joto la unyevu na mvua muda wowote. Vaa sweta moja nyembamba tu na suruali nyepesi, basi. Utasikia baridi dakika kumi za kwanza pale getini na hiyo ndo sawa, ukianza safari ukiwa umeshapata joto umeshavaa kupita kiasi. Mvua ikija koti juu, ikikata unalivua, uvivu wa kuvua ndo unaolowesha watu kwa ndani wakati nje wako wakavu.

Ukifika kambini usikae kupiga stori na nguo za njia. Hili nalirudia hadi watu wananiita mkali. Ingia hemani, vua zote zilizoshika unyevu, hadi boksa na sidiria, ndio, nazo za pamba zinashika jasho na zinachubua, tafuta za mazoezi. Vaa kavu. Zile za njia zitandaze juu ya hema wakati jua bado lipo maana saa kumi na moja tu ukungu unapanda na ukishapanda hamna kinachokauka. Sweta ya pili nyembamba na soksi nzito moja, hizo ni za kulalia tu, zinakaa kwenye begi lisiloingiza maji na hazitoki hemani hata kwa dakika moja hadi usiku wa kilele. Mifuko ya rambo usije nayo, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 2019 na mlimani ndo kabisa wanakagua.

Siku za katikati, Shira, Horombo, Barranco, hamna maneno mengi. Mchana jua kali, sweta nyembamba ya mikono mirefu inakukinga hata na jua, jioni unaongeza. Na ile shuka nyekundu ya Kimasai mnayopenda kupigia picha, nyingi ni akriliki, kukaa nayo kambini ni poa, kwenye mvua ni mzigo.

Usiku wa kilele sasa. Kama umepita Marangu unatokea kambi ya Kibo mita 4,720, kama ni Machame unatokea Barafu. Unaamshwa saa tano usiku, chai na biskuti, hamu ya kula huna, na kila kitu kinakuambia vaa vyote. Usivae vyote. Juu anza na ile sweta kavu ya kulalia, juu yake ile nene kidogo au flisi, alafu koti la kuzuia upepo. Jaketi la bata liko begini, juu kabisa, karibu na mkono. Chini ni taitsi ya sufu na suruali ya mlima, na ya mvua juu yake kama kuna upepo. Unaanza ukiwa unasikia baridi kidogo. Mkisimama kupumzika jaketi la bata linatoka haraka kabla joto halijakimbia, mkianza kutembea linarudi begini. Ni kero, vidole vinaganda, unaniona mnoko, lakini ukiuliza wale waliofika juu wakavu watakwambia walilivaa na kulivua mara tano sita njiani. Ukishapita kama mita 5,400 mwendo unakuwa wa kinyonga kabisa kwenye zile changarawe, hatua moja unarudi nusu, jasho hamna tena, hapo ndo livae ulifunge hadi kidevuni.

Soksi: MOJA nzito ya sufu. Sio mbili, sio tatu. Kila mwaka kuna mtu anajaza soksi tatu buti linakaza damu haipiti alafu anashangaa miguu yake ndo ya baridi kuliko ya mwenzake mwenye soksi moja. Na ukienda kukodi buti nenda na soksi hiyo hiyo utakayovaa, ujaribie nayo, vidole vicheze humo ndani. Kata kucha, kushuka ndo kunazing'oa.

Mikono ndo inayotesa wabongo kuliko yote. Glavu nyembamba ya sufu ndani, juu yake ile kubwa ambayo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vidole vikikaa pamoja vinapashana. Ukitaka kupiga picha unavua ya juu tu. Chupa ya maji igeuze kichwa chini maana barafu inaanzia juu, na ivalishe soksi ya sufu ya akiba. Betri ya simu weka ndani karibu na kifua.

Na mwangalie mwenzako. Kutetemeka sio vibaya sana, mwili unajitahidi. Mtu akianza kuongea kama mlevi, anajikwaa kwaa, au ghafla ameacha kutetemeka na wewe unaona bado ana baridi, hiyo sio nafuu hata kidogo, mwambie gaidi wako muda huo huo na msisubiri mfike Stella Point, pale ukingoni kabla ya Uhuru, kwanza.

Ukisharudi

Kufua. Sufu ni nywele, ifue kama nywele. Maji ya baridi au vuguvugu, shampoo kidogo, zamisha ubonyeze bonyeze. Usifikiche, usisugue na brashi, usikamue kwa kuisokota kama dekio. Jiki usiiguse kabisa inakula sufu inaimaliza. Ukitoa, ilaze kwenye taulo kavu, lizungushe kama chapati ya mayai, kandamiza, taulo linywe maji, alafu itandaze kwenye mkeka kivulini. Kwenye kamba inavutika mikono inafika magotini. Mimi sweta yangu ya pili kwa uzuri, ya kijivu, niliiacha nyumbani Marangu mama akanisaidia kufua kwa upendo wote, maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua hadi ikang'aa. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, ukipata moto na kusuguliwa yanaumana hayaachiani tena. Sasa hivi anaivaa mtoto wa dada yangu ana miaka minne, inamkaa vizuri sana.

Kabla ya kuihifadhi ifue, nondo anafuata jasho na mafuta ya mwili. Mfuko uliofungwa, na karafuu kidogo kwenye kitambaa au vile vidonge vyeupe vya kabatini, mi napenda karafuu maana vile vidonge ukivaa unanuka wodi.

Na kama umemaliza mlima na hutaki tena kuona sweta maishani mwako, waachie wagumu, wengi wao wanapanda na walichonacho. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bure, nao unaweza kuwapelekea. Ila iwe nzima na imefuliwa. Taitsi imetoboka makalio alafu unasema umetoa tipu, hapana jamani.

Ile nyeusi niliyomvalisha yule kaka nami niliachiwa hivo hivo, na mzee mmoja wa Norway kipindi nabeba. Nilidhani kaninyima hela kanipa kitambaa, nikanuna hadi getini. Lebo yake imefutika nusu, imebaki "ull" tu. Mwaka huu nondo wameniwahi kwapani, nimeshona na uzi wa kijani maana mweusi ulikuwa umeisha.